Kuzamia na draisuti: maswali ambayo vijana wa Malindi wananiuliza kila siku

Mimi nimezaliwa Malindi, nimekulia Shela, nimejifunza kuzamia hapahapa na suti fupi ya mikono mitupu, alafu nikaenda kufanya kazi ya kuzamia kwenye maji baridi ya Norway miaka minne. Tangu nirudi kila nikikaa pale jeti jioni kuna mtu anakuja na swali kuhusu draisuti. Mengi yanafanana kwa hivyo nimeyaweka pamoja, na kama una ndugu anafikiria kusafiri kwa ajili ya kazi za baharini tafadhali mpe asome yote, haswa pale kwenye habari ya cheti.

Draisuti ni nini hasa, si ni wetisuti nene tu?

Hapana. Wetisuti inaingiza maji kidogo, yale maji yanakaa kati ya ngozi na suti, mwili unayapasha moto, basi. Draisuti haitakiwi kuingiza maji hata tone. Shingoni kuna raba inayobana, mikononi kuna raba, buti zimeshikanishwa na suti yenyewe, na zipu ni ya aina yake isiyopitisha maji. Ndani unakuwa mkavu na nguo zako za joto na hewa. Kuna za neoprini, ile raba laini ya wetisuti, ambazo zina joto lake, na kuna za kitambaa cha tabaka tatu ambacho ni chepesi kama koti la mvua na chenyewe hakina joto lolote, joto linatoka kwa nguo uliyovaa ndani na hewa iliyonaswa kwenye ile nguo. Zote mbili zina valvu ya kuingiza hewa kifuani, inaunganishwa kwa hosi na regyuleta yako, kile kifaa cha kupumulia cha kwenye mtungi, na valvu ya kutoa hewa begani upande wa kushoto. Hizo valvu mbili ndio somo lote, mengine ni kuvaa na kuvua.

Bahari yetu ina joto, sasa draisuti ya nini?

Kwa kuzamia Malindi pekee huihitaji. Kaskazi maji yanafika nyuzi 28 mpaka 30, na hata kusi likivuma mwezi wa saba na wa nane yanashuka kama 25 hivi, hapo wetisuti ya milimita 3 au 5 inatosha kabisa. Mimi mwenyewe nikizamia kwetu sivai draisuti.

Lakini ukitoka hapa habari inabadilika. Maji yanakunyang'anya joto kama mara 25 kuliko hewa, ndio maana mtu anaeza kukaa nje kwenye baridi ya nyuzi 10 na sweta akawa sawa lakini kwenye maji ya nyuzi 10 bila suti anaanza kutetemeka mara moja na vidole vinakataa kushika. Kule Iceland kuna mpasuko wa ardhi uliojaa maji unaitwa Silfra, maji yake ni nyuzi 2 mpaka 4 mwaka mzima, huko bila draisuti huzamii. Fiodi za Norway (ghuba nyembamba kati ya milima), maziwa ya Scotland, mashamba ya samaki, zote ni draisuti. Na kuna sababu nyingine watu wanaisahau: maji machafu. Wazamiaji wanaotafuta mtu aliyezama kwenye bwawa au mto wenye maji taka wanavaa draisuti ya raba sio kwa sababu ya baridi, ni ili yale maji yasiguse ngozi. Hiyo kazi iko hata Kenya.

Naeza kujifunza hapa Malindi au lazima niende ulaya?

Unaeza kuanzia hapa, na mimi naona ni bora uanzie hapa, kwa sababu mtu anayejifunza valvu mpya huku mikono imekufa ganzi na hauoni mbele anajifunza mambo matatu magumu kwa wakati mmoja. Huku kwetu unajifunza moja.

Shida ya huku ni jua. Ukivaa draisuti saa tano asubuhi kwenye boti na jua la kaskazi unapikwa, mwili hauna pa kutolea joto, na mtu anaeza kuzimia kabla hajaingia majini. Kwa hivyo tunafanya hivi: alfajiri, boti ikishafika na kutia nanga, kila kitu kingine kiko tayari, suti inavaliwa mwisho, zipu inafungwa ukiwa umebakisha dakika chache tu, unamwagiwa maji ya bahari kichwani, unaingia. Ndani unavaa kitu chepesi tu, tisheti ya mikono mirefu na taiti za kitambaa cha michezo. Na ukisikia kichwa kinauma au umeanza kusikia kizunguzungu sema, zipu ifunguliwe, hakuna aibu yoyote.

Kipindi cha kwanza ni kwenye swimingi puli, mita mbili au tatu. Alafu baharini tunatafuta mchanga mtupu, sio juu ya matumbawe. Mbuga yetu ya baharini iko tangu 1968, ni kati ya za kwanza Afrika, na mwanafunzi wa draisuti anapanda na kushuka kama ndoo ya kisimani siku mbili za kwanza, akiangukia matumbawe anavunja kitu kilichomea miaka mingi kuliko umri wake. Tafadhali mchanga. Na kama mvua imenyesha bara usijisumbue, mto Sabaki ukishamwaga tope bahari inakuwa kama chai ya maziwa na mwalimu hakuoni mkono wako.

Hewa ya ndani ya suti inafanya nini nikishuka?

Hapa naomba usome polepole.

Juu ya maji presha ni ba 1 (ba ni kipimo cha presha). Mita 10 ni 2, mita 20 ni 3, mita 30 ni 4. Hewa inabanwa kwa hesabu hiyohiyo, yani lita 8 za hewa ndani ya suti ukiwa juu zinakuwa lita 4 ukifika mita 10 na lita 2 ukifika mita 30. Ile nafasi iliyopotea suti inaijaza kwa kukubana, inakukamata kama mtu amekukumbatia kwa nguvu, mikunjo ya kitambaa inafinya ngozi na ukitoka una mistari myekundu kama umechapwa bakora. Dawa yake ni kubonyeza valvu ya kifuani kidogo kidogo wakati unashuka. Kidogo! Bonyeza, acha, sikiliza mwili. Lengo ni kuondoa ule mbano tu, sio kuijaza.

Sasa geuza hesabu. Ukipanda, zile lita 2 za chini zinataka kuwa 8 tena. Usipozitoa zinakupandisha, ukipanda zinaongezeka, zikiongezeka unapanda kwa kasi zaidi, na hapo mapafu na damu yako viko hatarini. Kwa hivyo kabla hujaanza kupanda valvu ya begani iwe imefunguliwa yote, na ukipanda unainua kiwiko cha kushoto kiwe ndio sehemu ya juu kabisa ya mwili, kwa sababu hewa inaenda juu siku zote na kama valvu iko chini ya hewa haitoi kitu. Wanafunzi wengi wanafikiria draisuti ni kujua kuingiza hewa. Mimi nawafundisha kutoa kwanza, kipindi kizima puli tunatoa hewa tu mpaka mkono unainuka wenyewe bila kufikiria.

Kingine, ukiwa juu ya maji unasubiri boti, jaza jaketi la hewa, ile BCD, usijaze suti. Suti ikijaa ukiwa umesimama majini hewa yote inakimbilia shingoni na inakukaba.

Nimesikia mtu anaeza kupinduka miguu juu akapaa kama puto, ni kweli?

Ni kweli na ilinipata. Ilikuwa mzamio wangu wa tatu na draisuti, maji ya nyuzi 6, kina cha kama mita 8, nilikuwa nachungulia kitu chini ya jiwe kichwa kikiwa chini. Hewa yote ikaenda kwenye miguu. Nikasikia mapezi yanalegea miguuni kwa sababu buti zimevimba, nikaanza kwenda juu kwa visigino, na valvu yangu iko begani, yani chini, haitoi hata povu moja. Nilifika juu nikiwa nimetanuka kama pweza. Nilikuwa napumua wakati wote, sikuziba pumzi, na hilo ndilo lililoniokoa mapafu. Baadaye nikaangalia valvu nikakuta nilikuwa nimeikaza karibu yote, mtu aliyenikodisha suti hakuniambia inazungushwa upande gani na mimi sikuuliza.

Cha kufanya ni hiki na unakifanya mara ishirini puli kabla ya kwenda baharini: piga mapezi kwa nguvu kuelekea chini, kunja magoti mpaka kifuani ujifanye mpira, jibiringishe mpaka kichwa kiwe juu, inua kiwiko cha kushoto, acha hewa itoke. Ukichelewa sekunde chache tu unakuwa ushafika mbali, na kwenye maji mafupi ni mbaya zaidi kwa sababu kati ya mita 10 na juu ndio hewa inapanuka mara mbili.

Nifunge risasi za kunizamisha kiasi gani?

Zaidi ya ulivyozoea na utashangaa. Mtu anayezamia hapa na kilo 4 anaeza kuhitaji 10 au 12 akivaa draisuti na nguo nene ndani, kwa sababu ile nguo nene imebeba hewa. Pima hivi: mtungi ukiwa karibu kuisha, kama ba 50, suti umeitoa hewa, jaketi tupu, vuta pumzi ya kawaida ushikilie, maji yafike kwenye macho. Ukitoa pumzi uzame taratibu. Tunapima na mtungi mtupu kwa sababu mtungi wa alumini wa kawaida unapungua kilo 2 na zaidi ukiisha, na mwisho wa mzamio unatakiwa ukae mita 5 kwa dakika tatu bila kupaa. Lakini usijizidishie risasi eti uwe salama, kila kilo ya ziada unaifidia kwa hewa ya ziada, na hewa ya ziada ndio ile inayokimbilia miguuni.

Suti ikichanika ikaingia maji si nitazama kama jiwe?

Hapana, wengi wanaogopa hili bure. Maji ndani ya maji hayana uzito wa kukuvuta. Unachopoteza ni hewa ya suti na joto, kwa hivyo jaza jaketi kidogo, maliza mzamio, panda taratibu. Ugumu uko wakati wa kupanda boti, hapo suti imebeba ndoo nzima za maji, subiri yachuruzike au usaidiwe.

Na valvu ya kuingiza ikikwama inaingiza tu?

Chomoa hosi kifuani kwa mkono mmoja huku ule wa kushoto umeinuka unatoa hewa. Ikishindikana vuta raba ya mkono au ya shingo kwa kidole, maji yataingia lakini hewa itatoka. Hii kuchomoa hosi lazima uifanyie mazoezi ukiwa umevaa glavu nene, bila glavu kila mtu anaweza.

Mimi ni dada navaa hijabu, naweza?

Unaweza, tena dada zangu wawili niliowafundisha walisema hii ndio suti ya kwanza waliyovaa wakajisikia wamejisitiri bila wasiwasi, maana haikamati mwili na inafunika kila kitu mpaka shingoni, na juu kuna kofia ya mbizi inayofunika kichwa chote na nywele. Tatizo moja tu: kitambaa chochote kikipita chini ya raba ya shingo, au unywele hata mmoja, maji yanaingia kwa njia hiyo. Kwa hivyo hijabu ya ndani iwe fupi, iishie juu ya raba, nywele zifungwe juu, alafu kofia ije juu yake. Zipu nyingi ziko mgongoni mabegani kwa hivyo lazima mtu akufungie, panga uzamie na mwanamke mwenzako, au utafute suti ya zipu ya mbele ambayo unajifungia mwenyewe. Bangili na pete zivuliwe, zinachana raba. Hina haina shida.

Masikio?

Unayasawazisha kama kawaida. Ila kofia nene inaeza kuziba sikio kama kikombe, hewa ikabaki nje ya sikio ikaleta maumivu. Ukiwa juu vuta kofia kidogo maji yaingie.

Raba ya shingo inanikaba, ni kawaida?

Kubana kidogo ndio, kukaba hapana. Pembeni ya shingo kuna mishipa ambayo ikibanwa sana moyo unapunguza mwendo na mtu anasikia kizunguzungu au anazimia. Usivumilie. Raba ya lateksi inakatwa duara moja kwa wakati mmoja na mkasi mkali, ya neoprini haikatwi, inavutwa juu ya kitu cha duara usiku kucha. Wenye ndevu ndefu hakikisheni haziingii chini ya raba.

Mkojo je?

Watu wanacheka lakini swali zuri. Kwenye baridi utataka kukojoa zaidi, ndio mwili ulivyo. Nenda kabla ya kuvaa. Kwa mizamio mirefu watu wanavaa daipa za watu wazima, au suti inawekewa valvu maalum ya mkojo. Usiache kunywa maji ili usikojoe, kukaukiwa na maji kunaongeza hatari ya ule ugonjwa wa mapovu kwenye damu.

Naitunzaje kwenye hali yetu ya chumvi na joto?

Adui wa lateksi ni mafuta na jua, na sisi watu wa pwani tuna vyote viwili. Mafuta ya nazi, mafuta ya mgando, losheni, vyote vinailainisha raba mpaka inanata alafu inapasuka. Siku ya kuzamia usijipake shingoni wala mikononi. Raba inapakwa poda, ile isiyo na marashi. Ukimaliza osha na maji matamu ya mfereji, visima vingi vya huku vina chumvi kwa hivyo vinakurudisha palepale. Anika kivulini. Zipu ya shaba pitishia nta, usiikunje kamwe, suti inaviringishwa kuanzia miguuni. Zipu ikifa ndio gharama kubwa kuliko zote na fundi wake humpati Malindi.

Nimeletewa ya mtumba, nitajuaje kama nzima?

Fanya kama fundi wa baiskeli anavyotafuta pancha. Ziba raba za mikono na shingo na chupa, funga zipu, jaza hewa, paka maji ya sabuni kila mahali, angalia povu. Povu kwenye mshono linarekebishika na gundi. Raba inabadilishwa. Povu likitoka kwenye zipu rudisha, hata kama bei ni nzuri. Mpya zinaanzia kama laki moja na nusu na kupanda hadi laki nne na zaidi, kwa hivyo naelewa kishawishi.

Mimi navua kamba kwa kuzamia bila mtungi tangu utoto, si nitaruka hatua?

Utakuwa mtulivu majini kuliko wengi na hilo ni jambo kubwa, nawaheshimu sana wazee wa kamba. Lakini una tabia moja ya kuiacha: kuziba pumzi. Ukipumua hewa ya mtungi chini alafu ukaziba pumzi ukipanda hata mita chache, mapafu yanaeza kuchanika. Kwa hivyo kozi ya msingi lazima, na humo utaogelea mita 200 na kuelea dakika 10, kwako hiyo sio kitu. Baada ya hapo ndio draisuti. Kwa PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, kozi ya draisuti ni kipindi kimoja cha maji tulivu na mizamio miwili ya baharini.

Wakala ameniambia nikipata cheti cha draisuti kuna kazi Norway au Uingereza, nimlipe?

Usimlipe. Naandika hili kwa uchungu kwa sababu namjua kijana aliyeuza mashine ya boti ya baba yake kwa maneno hayohayo. Cheti cha draisuti ni cha kuzamia kwa starehe, kinaonyesha umejifunza vizuri kutumia suti, hakikupi ruhusa ya kulipwa. Uingereza kwa mfano, mtu anayezamia kwa malipo anatakiwa awe na cheti cha kazi kinachokubaliwa na HSE, mamlaka yao ya usalama kazini, na daktari wa wazamiaji awe amempima na kumpitisha. Hiyo ni kozi nyingine kabisa, ya wiki nyingi na pesa nyingi, na juu yake kuna viza. Mwajiri wa kweli atakuuliza vyeti hivyo, hatakuuliza pesa. Kama una ndoto hiyo iko wazi kabisa, mimi nilipita, lakini anza na cheti cha msingi, zamia sana, andika kila mzamio kwenye kitabu chako, na viulize vyuo vyenyewe moja kwa moja.

Nina pumu, au seli mundu, naweza?

Daktari kwanza, na umwambie ukweli wote. Seli mundu haswa, baridi na kukaukiwa maji ndio vinaamsha maumivu na draisuti inakupeleka kwenye baridi.

Nikiwa nimefunga Ramadhani?

Mimi sifundishi mchana wa Ramadhani. Draisuti, jua na mwili bila maji havipatani. Tunasubiri Idi ipite.

Nikimaliza kuzamia asubuhi naeza kupanda basi la usiku kwenda Nairobi?

Subiri. Watu wanajua ukitoka kuzamia hupandi ndege mara moja kwa sababu ya ule ugonjwa wa mapovu, wanasahau Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, mwili wako hautofautishi basi na ndege. Acha saa 18 zipite ikiwa umezamia zaidi ya mara moja.

Siku ya kwanza nije na nini?

Tisheti ya mikono mirefu isiyo ya pamba, taiti, soksi kavu, chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, kucha zimekatwa fupi, shingo haina mafuta, umelala usiku. Nguo za pamba ziache nyumbani, zikilowa jasho zinabaki mbichi na baridi. Saa kumi na mbili asubuhi uwe jeti, bahari ikiwa imetulia na upepo haujaamka.